Chumba cha Wagonjwa Mahututi si Mlango wa Kaburi



Lipo neno ambalo tumelisikia mara nyingi katika milima yetu ya Usambara, kuanzia Soni hadi Mlalo na Mtae. Hutamkwa kwa sauti ya chini, nje ya wodi au barazani kwa mgonjwa, pale daktari anaposema kwamba mgonjwa ateremshwe Tanga au apelekwe Moshi: "Huko mahututi ndiko watu wanakokwenda kufa. Mwacheni mzee apumzike kwake." Neno hili halisemwi kwa ubaya. Husemwa na watu wenye huruma, ambao wameona gari likipanda kutoka Mombo na jeneza. Lakini likikubaliwa barazani, safari huahirishwa. Na safari ikiahirishwa, mgonjwa hupoteza saa ambazo hazirudi.

Juma hili tumeona tulipime neno hilo kwa kutazama ugonjwa mmoja ambao huwafikisha wengi katika chumba hicho, nao ni sepsisi. Tutauliza maswali matatu: ni ugonjwa gani huu, ni nini hasa kinachomwokoa mgonjwa wake, na sisi tulio mbali na hospitali kubwa tuna wajibu gani.

Sepsisi ni nini

Wazee wetu husema "sumu imeingia kwenye damu", nao hawako mbali na ukweli. Mtu hupata maambukizi mahali fulani mwilini, na kinga ambayo ilipaswa kupambana na vijidudu hukosa kiasi, ikaanza kuudhuru mwili wenyewe. Mishipa ya damu hulegea, shinikizo la damu hushuka, mapafu hushindwa kazi, figo huacha kutoa mkojo, na akili huvurugika. Hapo ndipo homa ya kawaida inapogeuka kuwa sepsisi.

Milango ya ugonjwa huu imo majumbani mwetu. Ni jeraha la jembe au panga lililofungwa kitambaa kichafu; ni nimonia ya baridi ya Juni na Julai; ni maambukizi ya njia ya mkojo; ni kidonda cha mguu cha mwenye kisukari; ni kitovu cha mtoto mchanga kilichopakwa kisichofaa; ni mfuko wa uzazi wa mama aliyejifungua siku chache zilizopita, ambaye homa yake huambiwa kuwa ni uchovu tu wa uzazi.

Mnamo Januari 2020 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha hesabu ya ugonjwa huu kwa dunia nzima. Katika mwaka 2017 pekee, watu wapatao milioni 48.9 waliugua sepsisi, na milioni 11 kati yao walifariki. Maana yake ni kwamba katika kila vifo vitano duniani, kimoja kilihusiana na sepsisi. Wagonjwa wapatao milioni 20 walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano, na sehemu kubwa mno ya wagonjwa wote ilikuwa katika nchi zenye kipato kidogo na cha kati, ikiwemo yetu. Karibu miaka mitatu kabla ya hesabu hiyo, Mei 2017, Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulikuwa umekwisha kuzitaka nchi zote ziupe ugonjwa huu nafasi katika mipango yao ya afya.

Chumba hicho kina nini

Wengi wetu tukisikia chumba cha wagonjwa mahututi, au ICU kama wanavyokiita wahudumu wenyewe, hufikiria mashine. Asili ya chumba hicho ni nyingine. Mwaka 1952 mji wa Copenhagen, huko Denmark, ulishambuliwa na ugonjwa wa kupooza wa polio, na wagonjwa walikuwa wakifa kwa kushindwa kupumua. Daktari mmoja wa usingizi, Bjørn Ibsen, alishauri wapitishiwe hewa kwa mfuko wa mpira uliobanwa kwa mkono. Mashine za kutosha hazikuwapo. Basi wanafunzi wa udaktari wakaitwa kwa mamia, wakapokezana zamu usiku na mchana wakibana mifuko hiyo kando ya vitanda. Vifo vikapungua sana. Mwaka uliofuata, wazo la kuwakusanya wagonjwa walio hatarini mahali pamoja, chini ya macho yasiyofumba, likawa chumba maalumu.

Kwa hiyo kiini cha chumba hiki ni kwamba mgonjwa haachwi peke yake. Muuguzi huwa na wagonjwa wachache tu. Mapigo ya moyo, pumzi, shinikizo la damu na oksijeni hutazamwa muda wote. Na jambo likibadilika, hatua huchukuliwa papo hapo. Kwa mgonjwa wa sepsisi huongezwa dawa za kupandisha shinikizo la damu, mashine ya kumsaidia kupumua, na pengine mashine ya kusafisha damu figo zinapogoma.

Je, watu hupona humo? Hupona. Huko Australia na New Zealand zilikusanywa kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya 100,000 wa sepsisi kali waliolazwa katika vyumba hivyo baina ya mwaka 2000 na 2012. Mwanzoni mwa kipindi hicho walikuwa wakifariki 35 katika kila 100. Mwishoni walikuwa 18 na ushei. Vifo vilipungua kwa takriban nusu ndani ya miaka kumi na miwili.

Msomaji atasema: hizo ni nchi tajiri. Ni kweli, na ndiyo maana tunarudi nyumbani. Katika chumba cha wagonjwa mahututi cha Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, ulifanyika utafiti uliochapishwa mwaka 2015. Hapakuletwa mashine mpya za gharama. Wauguzi na madaktari walipewa utaratibu rahisi: vipimo vya mwili vikifika kiwango cha hatari, viandikwe waziwazi na tiba iliyopangwa itolewe mara moja. Miongoni mwa wagonjwa walioingia shinikizo lao la damu likiwa limeshuka, waliofariki walipungua kutoka 92 katika kila 100 hadi 69. Hesabu hiyo bado inahuzunisha, wala hatuifichi. Lakini maana yake ni kwamba katika kila wagonjwa wanne au watano wa namna hiyo, mmoja zaidi alirudi kwa watoto wake kwa sababu tu ya kutazamwa na kutibiwa kwa wakati.

Funzo lililotoka chini ya milima yetu

Lipo funzo jingine, na hili lilitoka jirani kabisa. Chini ya Usambara ya Mashariki, katika barabara ya Tanga, ipo Hospitali Teule ya Muheza. Hospitali hiyo ilikuwa moja ya hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania zilizoshiriki utafiti mkubwa uliojulikana kwa jina la FEAST. Watoto 3,141 wenye homa kali, ambao damu yao ilikuwa haizunguki vizuri, waligawanywa kwa kura. Wengine walipewa maji mengi ya dripu kwa haraka, kama ilivyokuwa ikifanyika katika nchi tajiri. Wengine walipewa dawa na huduma nyingine zote bila maji hayo ya haraka.

Madaktari wengi walitaraji kwamba maji yangeokoa. Januari 2011 utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake, na matokeo yakachapishwa mwezi Mei mwaka huo. Katika saa 48 za mwanzo, waliopewa maji ya haraka walifariki kama 10 na nusu katika kila 100; wasiopewa walifariki 7 na ushei. Maji yaliyodhaniwa kuwa uhai yaliongeza vifo vitatu katika kila watoto mia. Miaka michache baadaye jambo la kufanana na hilo lilionekana kwa watu wazima huko Lusaka, Zambia. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionesha kwamba wagonjwa wa sepsisi waliowekewa maji mengi na dawa za kupandisha shinikizo kwa utaratibu maalumu walifariki 48 katika kila 100, na waliotibiwa kwa utaratibu wa kawaida wa hospitali hiyo walifariki 33.

Tunayataja haya kwa sababu mbili. Kwanza, imeenea katika vijiji vyetu kudhani kwamba mgonjwa aliyelegea anahitaji "kuongezewe maji" tu, na wapo wanaomwita mtu wa duka la dawa aje kutundika dripu nyumbani. Jambo ambalo limewatatiza madaktari mabingwa mbele ya vitanda vya utafiti si la kufanywa sebuleni kwa taa ya simu. Tueleweke vizuri: mtoto anayeharisha na kukaukiwa maji ana hukumu yake. Huyo hakuwa katika utafiti ule, naye anahitaji maji ya chumvichumvi ya kunywa bila kuchelewa, na pengine dripu hospitalini. Tunamzungumzia mwenye homa kali na pumzi za haraka.

Sababu ya pili ni kubwa zaidi. Hospitali za utafiti ule wa watoto hazikuwa na mashine za kupumulia za kumshika mtoto ambaye mapafu yake yamelemewa. Kwa hiyo tiba ya chumba cha wagonjwa mahututi haikatwi vipande, kikachukuliwa kimoja na kuachwa vingine. Anayehitaji chumba hicho apelekwe kwenye chumba chenyewe, na apelekwe angali na nguvu ya kufaidika nacho.

Kwa nini wengi hufia humo

Sasa tunaweza kulijibu lile neno la barazani. Wengi hufia katika chumba hicho kwa sababu wengi hufikishwa wakiwa wamechelewa, na wakishafariki, chumba hubebeshwa lawama ya safari.

Mwaka 2006 watafiti wa Kanada na Marekani walichapisha habari za wagonjwa ambao sepsisi ilikuwa imewashusha shinikizo la damu. Waliopata viuavijasumu vinavyofaa ndani ya saa ya kwanza ya kushuka huko walipona takriban 80 katika kila 100. Baada ya hapo, katika saa sita za mwanzo, kila saa iliyopita bila dawa ilipunguza nafasi ya kupona kwa wastani wa zaidi ya 7 katika 100. Na hao walikuwa wamelala hospitalini tayari.

Tuipime hesabu hiyo kwa jiografia yetu. Mgonjwa wa Mtae au wa Shume hupewa kwanza usiku mmoja wa kungoja homa ishuke. Asubuhi anangojwa mwana aliyeko Dar es Salaam atoe kauli. Mchana inatafutwa gari. Kisha ipo njia ya kufika Lushoto mjini, na akihitaji kwenda mbele, zipo kona za zaidi ya kilomita 30 za kuteremka Mombo, ndipo aianze barabara kuu kuelekea Bombo, Tanga, au KCMC, Moshi. Anapofika mbele ya mashine, saa alizopoteza ni nyingi kuliko zile zilizobaki. Ngoja ngoja huumiza matumbo; katika sepsisi huua.

Kwa sababu hiyo tunasihi kwamba zahanati na kituo cha afya kilicho karibu visirukwe. Sindano ya kwanza ya kiuavijasumu, oksijeni, na barua ya rufaa iliyoandika dawa gani imetolewa na saa ngapi, ni sehemu ya matibabu ya mahututi, ijapokuwa vimetolewa kwenye jengo dogo la bati. Safari ifuate hapo, isitangulie.

Dalili ambazo hazingojei asubuhi

Kwa mtu mzima: homa au mwili kuwa baridi pamoja na kutetemeka sana, kupumua haraka kana kwamba amepanda mlima ilhali amelala, kuchanganyikiwa, kusema maneno yasiyoeleweka au usingizi usio wa kawaida, kutokojoa kutwa nzima, ngozi kuwa na mabaka au mikono na miguu kupoa, na mgonjwa mwenyewe kusema kuwa anahisi anakufa. Tusimkemee anayesema hivyo, tumsikilize.

Kwa mtoto mchanga: kukataa titi, kulegea, kuwa wa moto sana au wa baridi, kupumua kwa shida, degedege. Kwa mama aliyejifungua au aliyeharibikiwa na mimba: homa, maumivu makali ya tumbo, uchafu wenye harufu mbaya. Homa ya mama ndani ya arubaini si ya kusubiriwa. Ipo huduma ya usafiri wa dharura ya m-mama, ambayo nambari yake ya bure ni 115, kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Nambari hiyo iandikwe ukutani katika kila nyumba yenye mama mjamzito.

Wajibu wetu

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba tujitibu, na kwamba kutegemea kwa Mwenyezi Mungu huja pamoja na kuchukua sababu. Wanazuoni wetu wameihesabu hifadhi ya nafsi kuwa moja ya makusudio makuu ya sharia. Ajali iko mikononi mwa Allah, hilo hatuna shaka nalo. Lakini hakuna aliyeoneshwa tarehe ya ajali ya nduguye hata apate ruhusa ya kumfungia safari.

Hapa tunasema na waume na wakwe kwa heshima. Ruhusa ya mke kupelekwa hospitali itolewe leo, akiwa mzima, mbele ya mama mkwe na majirani, wala isitafutwe kwa simu isiyopatikana usiku wa homa. Vivyo hivyo kwa wazee: watoto wakubaliane mapema nani ataamua iwapo mkubwa wao yuko mbali.

Tunasema pia na kamati za misikiti, sisi tukiwa miongoni mwao. Tunajua kuchanga kwa ajili ya sanda, kaburi na chakula cha wafiwa, na hilo ni jema lisilopaswa kuachwa. Lakini mara nyingi nauli ya kumfikisha mgonjwa akiwa hai ingekuwa ndogo kuliko gharama ya kumrudisha akiwa maiti. Tunapendekeza kila msikiti uwe na mambo matatu: akiba ya dharura isiyoguswa kwa zulia wala kipaza sauti, orodha ya wenye magari na madereva wa kitongoji waliokubali kuamshwa usiku, na watu wawili, mwanamume na mwanamke, wenye mamlaka ya kuitoa akiba hiyo bila kungoja kikao. Familia nazo zikate bima ya afya wakati wa mavuno, si wakati wa maradhi.

Mgonjwa akishalazwa, kumzuru ni sunna, lakini chumba cha mahututi kina mpaka wa wageni na wa saa, na kuosha mikono mlangoni ni katika adabu ya ziara hiyo. Asiyeruhusiwa kuingia anaweza kutoa damu, kulisha watoto waliobaki, au kupalilia shamba la viazi la mgonjwa. Na akirudi nyumbani, tujue kwamba aliyeokoka sepsisi huweza kubaki dhaifu kwa miezi kadhaa, akisahau sahau, akikosa usingizi, na pengine akiugua tena. Asihesabiwe mvivu. Homa ikimrudia, arudishwe hospitali siku hiyohiyo.

Hatuwezi kumwahidi msomaji kwamba kila anayefikishwa atapona; hata katika hospitali bora duniani wapo wanaofariki. Tunachoweza kusema ni kwamba matokeo ya chumba kile huanza kuandikwa huku juu, barazani na jikoni, saa nyingi kabla mlango wake haujafunguliwa. Basi lile neno tulibadilishe. Badala ya kusema huko ndiko watu wanakokwenda kufa, tuulize: gari liko wapi, na nani anafuatana naye?

Tunamwomba Allah awaponye wagonjwa wetu, awalipe kheri wauguzi na madaktari wanaokesha kando ya vitanda vyao, na awarehemu waliotutangulia. Wabillahi tawfiq.